Gamba la Tindo la Masasila

"Gamba halishiki penye mafuta." Eti mnacheka! Mama yenu kawarushia methali hiyo kwa sababu mmeanza kuimba nyimbo za ubingwa, na mechi yenyewe ni kesho. Tulieni, wajukuu zangu, niwaambie ilikotoka. Methali hii ilianza hivi.

Mwaka huo wa ukame, kijiji kizima kilikuwa kinachimba kisima kimoja. Wakafika kwenye mwamba. Ukiweka sikio unasikia maji chini yake, jamani, unayasikia kabisa! Lakini kila tindo lililogonga pale lililika ncha kama chaki. Ng'ombe wanakufa, watu wanafunga virago.

Masasila, mhunzi wao, akapata wazo. Alivunja chungu cha zamani cha chuma, akakisaga kikawa unga, akachanganya na mawe magumu yaliyopondwa, akauyeyusha unga ule juu ya ncha ya tindo mpaka ukafanya gamba. Akajaribu kulikwangua kwa tupa. Wapi! Tupa iliteleza tu. Vigelegele kijiji kizima!

Pigo la kwanza kisimani, gamba likabanduka. Akatengeneza jingine, nalo likabanduka. Masasila akatupa nyundo chini. "Basi, tuhame," akasema.

Nyanzala, mkewe, akaokota kipande cha gamba, akakigeuza. "Baba Shija, hebu tazama huku ndani. Masizi matupu! Gamba halikushika chuma, limeshika samli iliyoungua."

Watu wakatazama chini. Katika ukoo ule, tindo jipya lilipakwa samli ya baraka kabla ya kuingia motoni, na mpakaji alikuwa Bibi Milembe, mama yake Masasila. Nani wa kumwambia? Nyanzala akapiga magoti mbele ya mkwewe.

"Mama, nisamehe. Baraka zako tunazitaka sana. Ila safari hii tuzipake mwisho."

Bibi akamkazia macho, kisha akaruka juu. "Kumbe mimi ndiye ninayewanyima maji? Leteni mchanga!"

Akalisugua tindo kwa mikono yake mwenyewe mpaka likang'aa. Gamba likatiwa, likashika. Mwamba ukagongwa, ukagongwa, ukapasuka! Maji yakawarukia wachimbaji vifuani, watu wakalia kwa furaha. Hapo ndipo Bibi Milembe alipofungua kibuyu chake. Akalipaka tindo samli, akampaka na mkwewe kwenye paji la uso.

Haya, nyimbo wekeni kando kwanza, mkafanye mazoezi. Kesho mkishinda nitaimba nanyi mpaka sauti inikauke. Lakini leo, wajukuu zangu, gamba halishiki penye mafuta.