Kwa Nini Chemchemi ya Sireti Huchemka

Mmeniuliza kwa nini maji ya Sireti huivisha yai. Hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Kabla mtu yeyote hajafa kwa uzee katika bonde hili, chemchemi ilikuwa ya uvuguvugu tu, na mwenye mvi aliyeoga humo alitoka na mwili wa ujana. Utaratibu ulikuwa mmoja. Aliyezeeka kuliko wote aliingia kwanza, akalowesha nyayo, kisha magoti, kisha kifua, mwisho kichwa. Uzee wake ulibaki majini kama joto. Kwa hiyo maji yalipumzishwa mwezi mzima yapoe, ndipo mwingine akaingia.

Zamu ilipomfikia Kobilo, mkunga aliyewapokea nusu ya watu wa bonde, mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Lakini Kandie, aliyekuwa na ng'ombe wengi kuliko koo tatu zikiunganishwa, alikuwa ameona kunyanzi la kwanza usoni pake. Aliwapa walinzi wa chemchemi mitamba, akaizungushia chemchemi ua wa miiba, akaoga katika zamu ya Kobilo. Siku ya tatu akawaingiza wake zake, kisha shemeji zake, bila kuyapumzisha maji. Kobilo alipofika langoni aliambiwa arudi mwezi ujao. Miezi minne aliambiwa hivyo. Mwezi wa tano maji yalitokota, na hata Kandie hakuweza kuchovya kidole.

Mwezi huohuo Jebiwot, binti wa Kandie, alishikwa na uchungu, na mtoto alikuwa amelala mkingamo. Kandie alikwenda mwenyewe kumsihi Kobilo. Mkunga alikuja, akalipapasa tumbo, kisha akainua mikono yake ili wote waone inavyotetemeka. Wanawake waliokuwapo hawakuijua kazi ile. Hakuna aliyewahi kuwafundisha, kwa kuwa mkunga kila alipozeeka alirudi ujanani na kuendelea na kazi.

"Kandie," Kobilo akasema, "umewahi kumgeuza ndama tumboni mwa mama yake?"

"Mara nyingi, mama."

"Basi nawa. Mikono yangu umeivaa wewe. Ilete hapa."

Kandie alilalamika kwamba mwanamume haingii nyumba ya uzazi. Kobilo akamwambia kwamba akiona haya, arudi mwezi ujao. Wanawake wakacheka, na Jebiwot naye, katikati ya uchungu, akacheka. Kandie akapiga magoti. Kobilo akaweka viganja vyake juu ya viganja vya Kandie, akamwongoza kusukuma kichwa cha mtoto polepole, kungoja uchungu upite, kisha kusukuma tena. Kabla jua halijafika utosini, mtoto alilia.

Kesho yake Kandie aling'oa ua, lakini maji hayakupoa. Kobilo hakuyangoja. Aliwaita wanawake wanane, akawafundisha kazi yake yote kwa mpangilio, na alipokufa, wa kwanza kufa kwa uzee katika bonde, waliomzika walikuwa wakunga wanane.

Na tangu siku hiyo hadi leo hii tunayozungumza, chemchemi ya Sireti huchemka, mwenye mifugo na asiye na mbuzi huota mvi sawasawa, na kila ajuaye kazi huiweka mikono yake juu ya mikono ya asiyeijua.