Mguu wa Kushoto wa Pongo

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na shule, na shule ilikuwa na uwanja mpana, mweupe kwa vumbi. Ee, siku zile! Ungesikia puu, puu, puu, watoto wanaruka, wanakimbizana, wanacheka mpaka jua linazama.

Kiangazi kikaja. Nyasi zikakauka. Wanyama wakaamua kuhamia ng'ambo ya mto. Kuvuka ni kuruka, jiwe hadi jiwe, na chini wamelala mamba.

Nyati, mkuu wa shule, akasema, "Watoto wote wapimwe. Asiyeweza kuruka atabaki."

"Abaki na nani?" akauliza Mama Pongo.

Nyati akatazama pembeni. Upande huu alikuwa anabaki Chui peke yake.

Watoto wakapimwa. Wakakimbia. Pongo mdogo, mwanawe Mama Pongo, akaenda upande badala ya mbele. Wakaruka. Pongo, pu! Chini. Ngedere wakacheka, kwa-kwa-kwa!

"Huyu mvivu," akasema Nyati. "Atabaki."

Mama Pongo akainamisha kichwa, machozi yakamtoka.

Mwalimu Korongo akasogea. "Mkuu, umeona ameanguka. Umeona anaangukia upande gani?"

"Kuanguka ni kuanguka tu, Mwalimu!"

"Hebu ngoja. Mwanangu, kimbia tena, polepole."

Pongo akakimbia. Akaenda kushoto.

"Simama kwa mguu wa kulia."

Akasimama, imara.

"Sasa wa kushoto."

Pu!

"Huyu si mvivu," akasema Mwalimu Korongo. "Mguu wake wa kushoto haujapata nguvu."

"Mwalimu, mguu wangu utapata nguvu?" akauliza Pongo.

"Tutacheza, mwanangu. Tutacheza mpaka upate."

Basi wakacheza. Kila asubuhi Mwalimu alichora mistari mchangani. Ruka, tua, simama! Ruka, tua, simama! Pongo akaanguka, akainuka. Akaanguka, akainuka. Ngedere wakaona mchezo mtamu, wakaomba kuingia. Uwanja mzima ukaruka kwa mguu wa kushoto!

Siku ya kuvuka ikafika. Pongo akaruka. Ta! Akaruka. Ta! Jiwe la katikati lilikuwa na utelezi. Akayumba, huku, kule. Mamba akapanua kinywa. Mama Pongo akafumba macho.

Pongo akakita mguu wa kushoto. Akasimama. Akaruka. Ta!

"Mama, fumbua macho! Nimefika!"

Nyati akamgeukia Korongo, sauti imeshuka. "Mwalimu, nifundishe na mimi kupima."

Uwanja ule sasa umeota vichaka. Korongo aliondoka na mvua, hakurudi tena. Lakini waliocheza pale, wazee sasa, wakikutana mtoni humtaja, wakatabasamu.

Watoto wangu, na nyinyi wazazi na walimu: ukimpima mtoto, mtazame mpaka ujue anapohitaji msaada, kisha umsaidie. Usimpime ili umwache nyuma.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nimeipokea kwa waliotangulia, nanyi wapeni wanaokuja.