Mashine Iliyonyimwa Hewa

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Methali hii huandikwa sana kwenye madaftari ya watoto wa shule, ingawa wanaoihitaji zaidi ni watu wazima wenye mvi. Mtoto huuliza bila haya, lakini mtu mzima mwenye kijicho huona heri apotee kuliko kumuuliza yule anayemwonea wivu. Isidori wa Bashay, kijiji cha Mbulu, alikuwa mmoja wao.

Isidori aliuza ng'ombe sita akanunua mashine ya kusaga, miaka ile biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi. Mkoa wa Manyara ukazaliwa, naye akiwa bado msagaji wa pekee pale kijijini. Hata punda wenye mizigo ya mahindi walijisimamia mlangoni pake bila kuambiwa. Kisha, mwaka 2008, petroli ilipopanda bei, Veronica, mwalimu wa fizikia aliyehamishiwa hapo kutoka Iringa, akafungua mashine yake hatua mia mbili tu kutoka kwa Isidori. Juu ya bati aliweka paneli za sola za kujaza betri. Umeme wake uliyatenganisha maji mtungini, ikatoka gesi ya haidrojeni na oksijeni, nayo ikaingia kwenye injini kuisaidia petroli. Mwenyewe alisema anaokoa nusu lita tu kwa siku. Mtaani yakawa mengine: "Mwalimu anasaga kwa maji!" Wateja wakahama, na punda wao wakahama.

Wivu ukamjaa Isidori kama moshi katika nyumba isiyo na dirisha. Alipoisikia injini ya Veronica ikinguruma vizuri, alitamani ikohoe. Ikikohoa, alifurahi mpaka akajionea aibu. Ikitulia, moyo ukamuuma upya.

"Shikamoo, mzee Isidori," Veronica alimwamkia siku moja njiani. "Karibu uione mashine yangu. Kuna mambo ya hewa ningependa kukuonyesha, nawe unielekeze habari za chekeche. Langu linatoa unga wenye chenga."

"Marahaba. Nina kazi," Isidori alijibu, akapita zake.

Mkewe, Letisia, alimsihi jioni ile. "Baba Violeth, si uende tu ukamuulize? Yule mama hana choyo."

"Mimi nimuulize mtu wa juzi? Nilishika spana kabla hajazaliwa!"

Hakuuliza, ila alichungulia. Kila kulipokucha alijifanya anapeleka ng'ombe mtoni, akajibanza nyuma ya ua wa minyaa. Asubuhi za Mbulu zina baridi kali, na injini baridi huwashwa kwa petroli huku kilango cha hewa kimefungwa. Isidori akamwona Veronica akikifunga kilango hicho, akayaona na mapovu mtungini. Injini ilipopata joto, Veronica alikuwa akikifungua kilango chote kwanza, ndipo akaifungulia gesi polepole. Lakini wakati huo Isidori alikuwa amekwisha kuondoka, asije akaonekana.

"Kumbe siri yenyewe ni kuibana hewa!" alijisemea, akachekelea njia nzima.

Akaunda mtungi wake kwa betri ya gari. Siku ya mnada, watu wakiwa wengi, akawaita. "Leo mtajua fundi ni nani!" Akawasha injini, akakifunga kilango cha hewa, akaifungulia gesi yote kwa mkupuo.

Moto ukarudi nyuma kupitia mpira wa gesi hadi mtungini. Mlio ukatikisa mabati. Mtungi ukapasuka vipande, kabureta ikang'oka, silinda ikaingia ufa toka juu hadi chini. Mungu saidia, watu walikuwa nje. Isidori alitoka na uhai wake, lakini sikio la kulia lilikuwa limekufa, na mashine iliyowalisha watoto wake ilikuwa chuma chakavu.

Aliyefika wa kwanza na kitambaa chenye maji alikuwa Veronica.

"Pole sana, mzee. Hewa uliifungua kiasi gani?"

"Niliifunga. Kama wewe."

Veronica akashika kichwa. "Mimi naifunga wakati wa kuwasha tu, gesi ikiwa bado haijafunguliwa! Gesi hii inakuja na oksijeni yake, inawaka kwa kasi ya ajabu. Hewa nyingi ndiyo inayoipunguza makali. Ukiinyima hewa, moto unairudia gesi kule inakotoka. Mzee wangu, ningekuambia siku ile ile."

Wivu ulikuwa bado umo moyoni mwa Isidori, ila sasa haukuwa na cha kushika. Akamgeuzia Veronica sikio lake zima.

"Sema tena, mwalimu. Hewa kiasi gani?"

Veronica akarudia kwa sauti kubwa, taratibu, mbele ya wote waliokuwa wameitwa kushuhudia ufundi. Jibu lilikuwa fupi, hata mtoto angelishika. Mashine ya kulitumia ndiyo haikuwapo tena. Hakika, asiyeuliza hanalo ajifunzalo.