Mkeka wa Mama Mkwe

Ghorofa moja la tajiri Mbaruku liliporomoka. Wakaguzi wa serikali walipokuja kukagua la pili, aliwazibia mlango.

"Sheria inawaruhusu kuingia bila ridhaa yangu penye hatari tu. Hili ni imara kama mlima."

Bi Zawena, mpangaji wake, akasogea taratibu na ndoo yake.

"Mwenye nyumba, mama mkwe wako kaja. Nimemtandikia mkeka chumba cha chini, kalala fofofo."

Mbaruku akaruka. "Mtoe upesi. Nguzo za chini zote zimepasuka, litamfukia."

Bi Zawena akawageukia wakaguzi. "Hatari kaitaja mwenyewe. Piteni."

"Na mama mkwe?" Mbaruku akauliza, jasho likimtiririka.

"Yuko kwake Korogwe. Ukimpigia simu, unisalimie."