Visahani Vitatu vya Fundi Namkunda

"Mlaji mkubwa hana kelele." Mmemsikia mama yenu akisema hivyo sasa hivi, mkacheka mkidhani ananisema mimi na ugali wangu. Hamkukosea sana. Kaeni niwaeleze, maana maneno hayo hayakutoka mbali. Yalizaliwa kwenye baraza la nyumba yangu ya Korogwe, na mambo yalianza hivi.

Nyumba ile ilikuwa na vyumba sita na mita moja ya umeme. Mimi mwenye nyumba nilikaa chumba kimoja, vingine nilipangisha, na umeme tulichangia sawasawa. Chumba cha uani alikaa Namkunda, mama wa Kipare, mjane, fundi cherehani. Watoto wake wawili walisoma kwa cherehani ile yenye mota. Ikianza kunguruma asubuhi, hata kuku walihama uani.

Mwaka huo umeme ukawa unaisha mapema. Tulikuwa tunanunua wa mwezi mzima, lakini ikifika tarehe ishirini tuko gizani. Wapangaji wakanung'unika, na kila aliyenung'unika alitupa jicho uani. Mimi nilikuwa wa kwanza. Nani mwingine angekula umeme wetu kama si lile dude linalonguruma kutwa? Nikamwita Namkunda, nikamwambia ahame ifikapo Jumamosi. Nilijua wazi kwamba wenye nyumba wengine hawakutaka kelele zile, na kwamba bila cherehani watoto wale wasingesoma. Bado nilimwambia.

Hakulia wala hakubisha. Alisema, "Baba, mimi ni fundi nguo. Sikati kitambaa kabla sijapima. Jumamosi asubuhi tupime kwanza, ndipo ukate."

Nikakubali, kwa kiburi zaidi kuliko kwa huruma.

Jumamosi nikakuta mizigo yake ipo barazani, imefungwa kamba. Pembeni ameweka cherehani yake, visahani vitatu vya chai na kibaba cha mahindi. Akatuonyesha taa ndogo nyekundu kwenye mita. Tulipita mbele yake kila siku, na hakuna aliyewahi kuijali.

"Kila ikikonyeza, umeme umemezwa kidogo," alisema. "Shida yake ni kwamba haiachi alama. Basi kila ikikonyeza, tuweke punje moja."

Tukazima na kuchomoa kila kitu nyumba nzima. Taa ikatulia. Kazi ya kuweka punje akapewa Mama Hoza wa chumba cha mbele, kwa kuwa hakumpenda Namkunda na asingempunguzia hata moja. Namkunda akaketi kwenye cherehani, akashona dakika tano, baraza zima likitetemeka. Tulipochungulia kisahani cha kwanza, tulikuta punje nane.

"Mita imelala," nikasema.

"Hailali, Baba," akajibu. "Sasa naleta pasi yangu."

Hakuna aliyekuwa ameitaja pasi. Angeiacha ndani, nasi tusingejua. Akaichomeka, na kwa dakika tano zilezile kisahani cha pili kikapata punje themanini.

"Hii inakula kweli," alisema mbele yetu sote. "Na mimi huiwasha upya kwa kila gauni. Kosa hilo ni langu."

Wajukuu zangu, nimeishi na watu wengi. Mtu anayejipima kwa kipimo kilekile, mbele ya wanaotaka kumfukuza, sijamwona mwingine. Ningekuwa mimi, pasi ile ingebaki uvunguni.

Kumbe Mama Hoza naye alikuwa anawaza. "Na hita ya Baba je?"

Hita yangu ilikuwa ile ya kuchovya ndooni. Nilioga maji ya moto asubuhi na jioni, na mara nyingi niliisahau humo mpaka maji yakachemka. Haikuwa na mlio wala mwanga. Nikaileta huku natabasamu, nikaichovya kwenye ndoo, nikakunja mikono.

Taa ilianza kukonyeza mfululizo. Mama Hoza aliacha kuongea, na hilo peke yake lilitutisha. Punje zikajaa kisahani cha tatu, zikamwagika sakafuni, kuku wakaja kuzidonoa, na dakika tano zilikuwa bado hazijaisha. Ndoo ilikuwa kimya kabisa.

Niliona aibu mbele ya wapangaji wangu. Neno likanitoka bila kulipanga: "Kumbe mlaji mkubwa hana kelele."

Namkunda hakunicheka. Alianza kuokota punje zilizobaki. Mimi nikaenda kwenye mizigo yake, nikaifungua kamba kwa mikono yangu, nikamwomba radhi kila mtu akisikia.

Tangu siku hiyo alipiga pasi nguo zote kwa pamoja, mara mbili kwa wiki. Mimi nilianika ndoo nyeusi ya maji juani yapate moto, nikaoga jioni tu. Visahani vilibaki chini ya mita, na aliyenunua kitu kipya alikipeleka kwanza kwa Mama Hoza kikapimwe. Mwezi uliofuata umeme ulifika tarehe thelathini na ukabaki.

Kwa hiyo mkiona kitu kinapungua nyumbani, msimkimbilie mwenye mlio. Pimeni, na muanzie chumbani kwenu. Mlaji mkubwa hana kelele, na mwaka ule mlaji nilikuwa mimi.