Simu Mbili Zilizosalimiana Kutwa

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali zamani ya majuzi, simu zilipokuwa zimeshajifunza kusema lakini bado hazijajifunza kunyamaza, palikuwa na mji uitwao Kwamaneno. Watu wa Kwamaneno walipenda salamu kuliko chakula. Kwao kumkatiza mtu anayesalimia kulikuwa kosa kubwa kuliko kumwibia kuku.

Mjini humo aliishi Mwalimu Shemsa, aliyewafundisha watoto kutengeneza programu za simu. Darasa hakuwa nalo. Alikuwa na kompyuta moja, wanafunzi watatu na kivuli cha ukuta nyuma ya mashine ya kusaga. "Simu haina akili, wanangu, ina utii tu," aliwaambia. "Ukiiambia anza, itaanza. Usipoiambia acha, haitaacha." Somo la kuanza alilifundisha vizuri sana. Somo la kuacha alilisogeza mbele, alifundishe harusi yake ikishapita.

Na hiyo harusi ndiyo iliyokuwa balaa. Shemsa alimpenda Nuhu, fundi cherehani aliyeshonea ng'ambo ya milima, na Nuhu alimpenda Shemsa. Lakini Mzee Kingazi, baba yake Shemsa, na Mzee Shekiondo, baba yake Nuhu, walipakana mashamba. Na desturi ya Kwamaneno ilitaka wazee wawili wasalimiane kwanza, ndipo ndoa ifungwe.

Siku ya kwanza wakasalimiana. Habari za nyumbani? Njema. Za watoto? Wazima. Za mbuzi? Wanacheua. Za shamba? "Shamba lipi?" akauliza Mzee Kingazi. "Hili ulilonimegea?" Fimbo juu, ndoa chini, majirani wakala pilau.

Siku ya pili wakasalimiana. Habari za nyumbani? Njema. Za watoto? Wazima. Za mbuzi? Wanacheua. Za shamba? "Shamba lipi?" Fimbo juu, ndoa chini, majirani wakala pilau. Majirani wakaanza kunenepa, Shemsa akaanza kukonda.

Na Kwamaneno, ndoa ikivunjika mara ya tatu haifungwi tena abadani. Mwalimu Shemsa alilia mbele ya wanafunzi wake bila kuona haya. "Nikiolewa nitahama," akawaambia. "Kompyuta hii nitamwachia mmoja wenu, na yeye ndiye atakayekuwa mwalimu hapa. Nitampa atakayeniozesha."

Wanafunzi wakaamua kutengeneza programu ya simu ya kusalimia kwa niaba ya wazee. Mwanahawa akazunguka kwa mabibi wote, akakusanya salamu za mji, akazitia humo. Sufiani akaitia adabu: ukiulizwa, jibu, ukishajibu, uliza nawe, ukisikia hodi, sema karibu, kisha nyamaza umngoje mgeni aingie. Ghanima hakuandika hata herufi. Kazi yake ilikuwa kujaribu vitu vya wenzake kwa maswali ya kuudhi.

Siku ya tatu ikafika. Sheikh alikuja asubuhi na onyo lake: "Nikishaswali alasiri nakwenda kufungisha ndoa nyingine. Msinilaumu." Wazee wawili wakaketi mkekani sebuleni, kila mmoja na simu yake mbele, maana Mwalimu alikuwa amewaomba simu zisalimiane kwa niaba yao.

"Simu ni mjumbe," akasema Mzee Shekiondo, "na salamu ya mjumbe ni salamu."

Simu zikaanza. Habari za nyumbani? Njema, za kwako? Njema, za watoto? Wazima, wako? Wazima, za mbuzi? Wanacheua, wako? Wanacheua! Watu wakabana pumzi. Fimbo zikashikwa. Za kinu? ikauliza simu. Kinatwanga, chako? Kinatwanga, za mchi? Haujambo, wako?

Shamba halikuulizwa! Wanawake wakapiga vigelegele. Nyuma ya pazia Shemsa alicheka kwa furaha, hadi aliposikia: Haujambo, za nyumbani?

Hapo akalitambua kosa. Simu ikisalimiana na binadamu, binadamu atachoka, lakini simu mbili hazichokani. Somo la kuacha! Nani wa kulaumiwa zaidi ya nafsi yake?

Za nyumbani, za watoto, za mbuzi, za kinu, za mchi, za nyumbani. Hakuna aliyethubutu kuzikatiza. Simu ya Mzee Kingazi ilipotaka kuzima, vijana wenye adabu wakakimbia kuleta chaja. "Salamu isitufie mikononi!" wakaambizana.

Jua likapanda, jua likapinda. Njaa ikawauma wazee.

"Shekiondo," akanong'ona Mzee Kingazi, "simu yako ina mdomo."

"Na yako je? Imeulizia kinu mpaka kinu chenyewe kimeona aibu."

Wakacheka. Walikuwa hawajacheka pamoja miaka mingi. Wakagawana kashata, wakawateta watoto wa siku hizi, na Mzee Kingazi akasema ule mpaka wa shamba wautazame kesho, maana leo hawana nafasi.

Lakini alasiri ilikuwa imeadhiniwa, Sheikh ameswali, na sasa alikuwa anatafuta viatu vyake. Shemsa aliuma upindo wa kanga asipige kelele. Hapo Ghanima akatoka nje, akafunga mlango, akabisha. "Hodi!"

"Karibu!" zikaitika simu zote mbili, zikanyamaza kumngoja mgeni.

Mgeni hakuingia, maana angeingia simu zingeanza tena. Ghanima alikaa juani, wenzake ndani wanakula pilau, yeye anaisikia harufu tu. Sheikh akafungisha ndoa kwa kunong'ona, simu zisisikie.

Asubuhi Nuhu alikuwa ameshafunga mizigo, na wanafunzi watatu wamesimama mbele ya Mwalimu.

"Mwalimu, kompyuta ni yangu," akasema Mwanahawa. "Salamu ya shamba niliiacha nje kwa makusudi. Ningeitia, saa hizi ungekuwa kwa baba yako."

"Umekata salamu ya mababu, tena kwa siri!" Sufiani akadakia. "Kompyuta ni yangu. Wazee hawakupatanishwa na salamu iliyokosekana, wamepatanishwa na salamu isiyokwisha. Na hiyo hodi, nani aliyeifundisha simu kuiitikia?"

"Isiyokwisha hukuikusudia, ulisahau kuimaliza," akasema Ghanima. "Mngeniachia mimi kuijaribu kwa simu mbili, tusingefika huko. Na aliyeimaliza ni mimi, kwa njaa yangu. Kompyuta ni yangu."

"Wewe?" wakasema wenzake kwa pamoja. "Ulibisha hodi, ukakaribishwa, ukakataa kuingia! Kwamaneno hii kuna tusi kubwa kuliko hilo?"

Mwalimu Shemsa akamtazama Mwanahawa, akamtazama Sufiani, akamtazama Ghanima. Aliwapenda wote, na mapenzi hayakumsaidia kitu. Kompyuta haikatwi vipande kama muhogo. Nuhu akamwita mara ya kwanza, akamwita mara ya pili.

Haya, nyinyi mnaonimalizia karanga zangu hapa, msaidieni bibi harusi, mumewe anangoja. Mmoja alificha, mmoja alisahau, mmoja alidanganya mlangoni, na ndoa imefungwa. Darasa libaki mikononi mwa nani? Je, nani alistahili?