Kwa Nini Korongoni Hatuamkiani

Usinune, mgeni wetu. Wale waliokupita korongoni kimya, wakainua tu jani la sale, hawakukudharau. Zamani, hapo hapo ndipo salamu zilipokuwa ndefu kuliko mahali pengine popote mlimani. Watu wakikutana chini ya theluji walisimama, wakaulizana habari za watoto, za mbuzi, za migomba, hata za jirani waliyegombana naye. Mara nyingi jua lilipanda wakiwa bado kwenye mbuzi!

Basi siku moja Mkunde alikuwa akipelekwa ng'ambo ya korongo kuolewa na Ndesario, akisindikizwa na shangazi yake na wabeba pombe. Alimpenda kijana yule, tusifichane. Masika yalikuwa yamekwisha karibuni, na theluji mpya ililala nene juu ya barafu ya zamani. Katikati ya korongo wakawakuta wakwe wamekuja kuwapokea, na mbele yao Mama Ndesario mwenyewe, mwanamke asiyesamehe salamu hata moja. Wakaanza kuamkiana, na jua likazidi kuchoma.

Mkunde alikuwa amechunga mbuzi kule juu tangu utotoni. Akaona vidonge vya theluji vinabingirika vyenyewe.

"Shangazi," akanong'ona, "theluji inataka kushuka."

"Nyamaza! Bibi harusi hana mdomo."

Afanyeje? Akimwaibisha mama mkwe, atarudishwa kwao leo leo. Akinyamaza, watakufa wote. Mama Ndesario alipomgeukia apate kuamkiwa, Mkunde akampita. Hakupiga goti wala hakusema shikamoo. Akakusanya nguo zake, akatimua mbio kuelekea ng'ambo.

Lo! Fedheha iliyoje!

"Kanipita kama kisiki!" Mama Ndesario akapiga kelele. "Mkamateni!" Akajifunga kibwebwe, akamfukuza yeye mwenyewe. Wakwe wakamfuata, shangazi akalia huku anakimbia, na wabeba pombe nao nyuma, vibuyu vikimwagika. Hakubaki mtu. Wa mwisho alipokanyaga ng'ambo, mlima ukaguna. Theluji ikaporomoka, ikalijaza korongo hadi ukingoni.

Mkunde akachuma jani la sale, jani letu la kuombea msamaha, akapiga magoti.

"Shikamoo, mama. Sasa niulize habari za mbuzi wote."

Mama Ndesario akalitazama korongo, kisha akamtazama binti. Machozi yakamtoka. Akamwinua kwa mikono miwili.

"Marahaba, mwanangu! Mbuzi wazima. Na sisi wazima!"

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika hadi tambarare. Mkunde aliingia nyumbani kwa mumewe akiwa amebebwa mabegani, na aliyembeba upande mmoja alikuwa mama mkwe.

Na tangu siku hiyo, korongoni hatuamkiani. Tunainua jani, tunapita upesi kabla jua halijailainisha theluji, na salamu tunazitoa huku. Bibi harusi hutangulia mbio, mama mkwe akimfukuza, na asiyefukuzwa hulia kwamba hakupendwa.

Haya, mgeni, umeshavuka. Karibu uketi. Habari za nyumbani? Watoto? Na mbuzi je?